BINTI ANAYEKATAA KULA, NA KAZI YA JAMAA YAKE

Mazungumzo kwa wazazi, wachungaji na wanafunzi wa uuguzi, Bunia



Najua wengine wenu mlishangaa mliposikia kichwa cha mazungumzo haya. Hapa Bunia tunajua njaa. Tuliijua wakati wa vita vya 1999 mpaka 2003, na tangu mwisho wa mwaka 2017 tumeiona tena kwa ndugu waliokimbia vijiji vya Djugu na kuja kukaa kambini. Basi mtu atauliza: ni nani katika Ituri atakataa bugali na sombe vilivyo tayari mbele yake? Je, huo si ugonjwa wa wazungu?

Nitajibu hivi. Ni ugonjwa ambao hatuuoni mara nyingi kwetu, lakini si wa wazungu peke yao. Wanganga waliandika habari zake kutoka Nigeria mwaka 1981, na kutoka Zimbabwe mwaka 1984. Mwaka 2004 wanganga wa Kenya nao waliandika juu ya wagonjwa wachache walioonekana kwao. Na mwaka ule ule zilitoka habari za Ghana, ambazo nataka mzisikilize vizuri. Katika masomo mawili ya sekondari, kaskazini-mashariki ya nchi ile, walipima wasichana 668. Kati yao walikuta 10 waliokonda sana, na hawakuona sababu nyingine yoyote isipokuwa wao wenyewe walijinyima chakula. Wasichana hao hawakusema kwamba wanaogopa kunenepa, kama wasichana wa Ulaya wanavyosema. Walisema juu ya kujitawala na kuishinda njaa, na waliona kuwa ni jambo jema la dini. Wachungaji, habari hii inawahusu ninyi kama inavyotuhusu sisi wa hospitali.

Jina lake katika vitabu ni anoreksia nevosa. Jina lenyewe si zuri sana, maana anoreksia ni kukosa hamu ya chakula, lakini binti huyu njaa anayo. Anaisikia, anapigana nayo, na kila siku anayoishinda anaona amepata ushindi mkubwa.

Tuseme kuna binti wa miaka 15. Ni mwenye akili masomoni, mtiifu, hasumbui mtu. Anaanza kuacha mafuta, halafu nyama na samaki, halafu bugali. Ukimwita kula anasema, "Nilishakula kule masomo." Masomoni anasema alikula nyumbani. Lakini anapenda kupika! Anawapikia wadogo zake vizuri, anawasukuma wamalize, yeye mwenyewe halambi hata kijiko. Anavaa nguo mbili au tatu kwa sababu ya baridi, hata jua likiwaka. Anatembea sana, hatulii. Siku zake za mwezi zinakatika, na mama anashituka akifikiri mambo mengine. Mkimwambia amekonda, anakataa, au anakasirika, yeye ambaye hakuwa na hasira. Wavulana pia wanaweza kuugua, ila ni wachache zaidi.

Sasa, wanafunzi, msikimbie kumpa kila binti mwembamba jina hilo. Kwetu hapa kukonda kuna mababa wengi. Mtafute kwanza kifua kikuu, SIDA, kisukari, minyoo na amiba, ugonjwa wa tezi la shingo, mimba ya mwanzo yenye kutapika. Ulizeni kama nyumbani chakula kiko, maana kuna mtoto anayesema "sina njala" ili wadogo zake wapate. Ulizeni pia aliona nini wakati wa kukimbia, na kama kuna mtu aliyemtendea vibaya. Huzuni kubwa na hofu vinafunga koo la mtu. Mkishaangalia hayo yote, na chakula kiko, na binti anakiogopa, ndipo mfikiri juu ya ugonjwa huu.

Katika nyumba zetu jamaa inafanya moja kati ya mambo matatu. Wa kwanza wanamtukana na hata kumchapa: "Watu wanakufa kwa njaa kambini, na wewe unatupa chakula!" Wa pili wanasema ni pepo au ni uchawi wa mtu fulani wa jamaa, wanamfungia katika chumba cha maombi, na huko wanamwambia afunge siku tatu. Wa tatu wanachoka: "Mwacheni, njaa ikimuuma atakula." Nawaelewa wote watatu, maana hofu ya mzazi ni kitu kikali. Lakini fimbo inamfanya ajifiche zaidi. Kungoja ni kumwacha na ugonjwa peke yake. Na kumfungisha mtu ambaye amekwisha kukaa na njaa miezi mitano ni kumwongezea ule ugonjwa wenyewe. Maombi ni mema, tumwombee. Wenye kufunga na wafunge watu wazima wenye afya, yeye apewe uji.

Zamani hata wanganga wakubwa waliwaona wazazi vibaya. Waliouandika ugonjwa huu kwanza kwa wazi ni William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, karibu na miaka 1873 na 1874. Gull alifikiri kwamba jamaa na marafiki ndio watunzaji wabaya kuliko wote kwa mgonjwa wa namna hii. Katika Ufaransa munganga Charcot alitaka binti atengwe kabisa na wazazi wake. Mawazo hayo yalikaa miaka mingi. Mama alikuwa akileta mtoto hospitalini, na badala ya kusaidiwa anaangaliwa kama mwenye kosa.

Mageuzi yalikuja polepole. Huko Philadelphia, Marekani, Salvador Minuchin na wenzake walianza kumtunza binti pamoja na wazazi na ndugu zake, hata kukaa nao wakati wa kula, na kitabu chao kilitoka mwaka 1978. Hata hivyo wao bado walifikiri kwamba jamaa ilikuwa na kasoro fulani iliyoleta ugonjwa. Wale wa hospitali ya Maudsley, London, waliendelea mbele. Waliwachukua wagonjwa 80, ambao walikwisha kurudishiwa uzito hospitalini, wakawagawa kwa bahati nasibu: wengine walitunzwa pamoja na jamaa zao kwa mwaka mmoja, wengine waliongea na mtunzaji peke yao. Matokeo yalitangazwa mwaka 1987. Kwa wale walioanza kuugua kabla ya miaka 19, na ambao walikuwa hawajaugua miaka mitatu, njia ya jamaa ilishinda. Waliwafuata tena miaka mitano baadaye, na faida ilikuwa bado inaonekana.

Mwaka 2010, Marekani, walilinganisha tena njia hizo mbili kwa vijana 121 wa miaka 12 mpaka 18. Mwaka mmoja baada ya matunzo kwisha, waliopona kabisa kwa njia ya jamaa walikuwa 49 katika kila 100. Kwa njia ya kuongea na kijana peke yake walikuwa 23 katika kila 100. Angalieni hesabu hiyo kwa macho mawili. Ni zaidi ya mara mbili, na katika ugonjwa mgumu kama huu ni jambo kubwa. Lakini pia ni kusema kwamba nusu walikuwa bado hawajapona kabisa. Ye yote atakayewaahidi kwamba kikao kimoja kitamaliza mambo, msimwamini. Na kwa mtu mzima aliyeugua miaka mingi, nguvu ya njia hii si kama kwa kijana.

Kwa nini jamaa inashinda? Kuna jambo lililofanyika katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, ambalo linatufungua macho. Vita vilikuwa vinaendelea, na Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwarudishia nguvu watu walioteswa na njaa. Vijana wanaume 36 walijitoa. Ni watu waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri, na wengi walitoka katika makanisa ya amani, kama Wamenoni na Wakweka. Walikuwa wazima wa mwili na wa akili. Kwa miezi sita walipewa chakula kidogo, mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Basi wakaanza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kukata chakula vipande vidogo na kukitafuna muda mrefu, kukasirika, kuhuzunika, kujitenga. Wengine hawakurudi sawa upesi hata walipopewa chakula cha kutosha. Hawakuwa na pepo, wala wazazi wabaya. Njaa yenyewe iligeuza akili zao.

Kwa sababu hii mtu hawezi kumhubiria binti mwenye njaa mpaka aamue mwenyewe kula. Akili ambayo ingeamua ndiyo iliyoshikwa. Mtu mwingine lazima aamue kwa ajili yake kwa muda, na mtu huyo ni nani? Muuguzi anamwona saa moja. Munganga dakika kumi. Baba na mama wako naye asubuhi, mchana na usiku, na wanampenda.

Hapa nitasema neno kwa sifa ya kwetu. Huko Ulaya ilikuwa lazima wabishane miaka mia moja kwa kuruhusu mama akae karibu na kitanda. Katika hospitali zetu nani anapika? Nani analala chini ya kitanda juu ya mkeka, anamwosha mgonjwa, anamlisha? Ni jamaa. Munganga Lambo wa Nigeria alilielewa jambo hili mapema. Toka mwaka 1954, kule Aro karibu na Abeokuta, alipokea wagonjwa wa akili pamoja na ndugu wa kuwatunza, wakakaa katika nyumba za vijiji vya jirani. Basi sisi tunayo nguvu tayari. Shida yetu ni kwamba jamaa zetu ni kubwa, na kila mmoja ana amri yake.

Tuone sasa kazi yenyewe nyumbani.

Kwanza kiitwe kikao cha jamaa, na waje wote wanaokula na binti au wanaosikilizwa naye: baba, mama, nyanya, shangazi, kaka na dada. Muuguzi aanze kwa kusema wazi kwamba hatukukutana kwa kumtafuta mwenye kosa. Hatujui ugonjwa huu unatoka wapi kwa kila mtu, na kwa kuponya hatuhitaji kujua. Tena aseme kwamba ugonjwa ni kitu kimoja na binti ni kitu kingine. Akikataa sahani, akidanganya, akimwaga uji nyuma ya nyumba, ugonjwa ndio unaofanya hivyo. Nasema hivi kwa kuwasaidia wazazi wasimchukie mtoto. Msichukue maneno yangu na kuyageuza kuwa habari ya kufukuza pepo.

Halafu wazazi wakubaliane. Hapo ndipo vita vyote viko. Mama anasema, "Kula," shangazi anasema, "Mwonee huruma, nusu inatosha," baba anarudi usiku na kukaripia wote watatu. Ugonjwa unapita katika nafasi hiyo kama maji katika ukuta wa udongo. Afadhali sheria moja iliyo ya kawaida, ambayo wote wanaishika, kuliko sheria tatu nzuri.

Binti apewe sahani yake peke yake. Desturi yetu ya watoto kula pamoja katika sahani moja ni nzuri, inafundisha upendo, lakini inaficha: mkono wake unakwenda na kurudi, na hakuna anayejua kama kitu kiliingia kinywani. Kwa sasa asipike, wala asipakue. Mama au dada mkubwa apakue, na mtu mzima akae naye mpaka amalize, na baada ya hapo wabaki pamoja muda fulani, kwa hadithi, kwa kusuka nywele, kwa wimbo. Chakula ni kile cha nyumbani: uji wa soja na karanga, bugali, maharagi, samaki wa Ziwa Albert, sombe yenye mawese, avoka, ndizi. Mara tatu kwa siku, na kidogo katikati. Mafuta yasikosekane, hata akilia kwa ajili ya mafuta.

Naye atalia. Mama, jiandae. Maneno ya kumwambia ni machache na ya upole: "Najua ni vigumu, mwanangu. Chakula hiki ni dawa yako. Niko hapa, siondoki." Msibishane naye juu ya kilo, wala msiseme "umenona" mkifikiri mnamsifu. Kwetu ni sifa, kwake ni kisu. Wajirani waambiwe pia. Ndugu zake wadogo wasifanywe mapolisi wa kumchunguza. Kazi yao ni kucheza naye na kumfariji.

Wakati mwingine baba au mama hawezi kusema bila kusuta. Kila neno ni lawama. Wanafunzi, mkiona hivyo, waiteni wazazi peke yao, na binti aonwe na muuguzi peke yake kwa kupimwa na kuongea kidogo. Watu wa Maudsley waliona kwamba katika nyumba zenye masuto mengi njia hii ilifaa kuliko kuwaweka wote chumba kimoja. Na kule Melbourne, Australia, mwaka 2016, walionyesha kwamba kuwafundisha wazazi peke yao kulileta uponyaji kwa vijana wengi zaidi mwisho wa matunzo kuliko kuwakutanisha wote.

Mnakumbuka habari ya binti wa Yairo, mwenye miaka kama kumi na miwili. Bwana aliwatoa nje wale wenye kelele, akawaacha baba na mama wa mtoto ndani pamoja naye na wanafunzi watatu, na baada ya kumwinua aliagiza apewe chakula. Simaanishi kwamba alikuwa na ugonjwa huu. Lakini mpango ule wa chumbani unanipendeza sana kama muuguzi, na ningependa wachungaji wetu waufuate: kelele nje, wazazi ndani, na chakula.

Uzito ukianza kupanda kwa majuma mengi na ugomvi wa sahani ukipungua, mrudishieni binti mamlaka kidogo kidogo. Ajipakulie chakula cha asubuhi. Halafu ale masomoni pamoja na rafiki. Akirudi nyuma, mama achukue tena kijiko, bila aibu na bila hasira. Mwishoni tu ndipo jamaa iongee naye juu ya mambo mengine ya ujana: masomo, marafiki, hofu ya mitihani, na kwa wengine vita na wale waliokufa. Watu wanataka kuanza na mazungumzo haya kwa sababu ni rahisi kuliko sahani. Yaje kwa wakati wake.

Yote niliyosema ni kwa binti ambaye mwili wake bado una nguvu ya kukaa nyumbani. Kama anazimia akisimama, kama mapigo ya moyo yako chini ya 50 kwa dakika akiwa macho, kama mwili umepoa chini ya digrii 35.5, kama miguu imevimba, kama anatapika kila mara au hajala kitu kwa siku nyingi, aje hospitalini leo, si kesho. Na asipewe sahani kubwa kwa furaha ya kuwa amekubali kula! Wanafunzi mnalijua jambo hili kutoka kwa watoto wa utapiamlo: tunaanza na maziwa ya F-75, na F-100 inakuja baadaye. Mwili uliozoea njaa ukijazwa chakula kwa ghafula, chumvi za damu zinaanguka, hasa fosforo, na moyo unaweza kusimama. Hata kwa binti mkubwa tunaanza na kidogo mara nyingi, tunapima mapigo na kuangalia uvimbe na pumzi, na tunaongeza siku kwa siku. Mama akae kitandani naye toka siku ya kwanza, ajifunze kwa macho yake namna tunavyompa, maana kazi hiyo itakuwa yake wakirudi nyumbani.

Kwa wale wa nyumbani, tunapima mara moja kwa juma mwanzoni, halafu kila majuma mawili, na njia nzima inaweza kuchukua miezi sita mpaka mwaka. Siku ya kupima mlete binti asubuhi, kabla ya chai, amekwisha kwenda choo, akiwa na nguo nyepesi na mifuko mitupu. Mje wote wawili, baba na mama. Kama baba yuko Mongbwalu kwa kazi ya zahabu, aje baba mdogo, lakini awe yule yule kila juma.